Siku moja na viatu vya ngazi

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimekwisha kufungua karakana yetu ya Gerezani, Dar es Salaam. Watu wakisikia kwamba ninabuni kifaa hudhani ninashinda mezani na kalamu, kumbe hadi saa nne ninakata nondo na kuchomelea mageti ya watu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayolipa kodi ya fremu.

Saa nne ndipo ninapoigusa kazi yangu. Kifaa chenyewe ninakiita viatu vya ngazi: jozi ya miguu ya bomba la mraba inayofungwa kwa boliti kwenye nguzo mbili za ngazi ya kawaida, yenye soli za raba ya tairi kuukuu ili isiteleze juu ya vigae. Mguu mmoja hurefushwa kwa kuchomoa pini na kuihamishia tundu jingine, maana nyumba zetu nyingi zina baraza upande huu na mchanga upande ule. Ubavuni nimeweka timazi ndogo, yaani nati iliyoning'inizwa kwa kamba ndani ya kasha lenye alama ya kijani. Ngazi inapaswa kuegemea kwa nyuzi takriban 75, ambapo kitako hukaa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo hadi inapoegemea. Lakini nani atayapima hayo usiku, taa ya getini imeungua na mgeni anagonga? Nati ikitulia kwenye kijani, panda.

Saa sita na robo aliingia mzee mmoja niliyemwazima jozi ya majaribio kwa wiki 2.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kifaa chako kibovu, fundi."

Alikataa kiti. Alisimama katikati ya karakana, mbele ya wateja wawili waliokuja kuulizia bei ya madirisha, akaeleza jinsi alivyopanda kuzibua mfereji wa bati na ngazi ikamyumbia hadi akakumbatia ukuta. Nilipofungua mfuko wake nilikuta, mahali pa pini yangu ya milimita 10, msumari wa inchi 4 uliopinda kama ndoano.

"Pini iko wapi, mzee?"

"Watoto wameichezea. Kwani msumari si chuma?"

Nilimweleza kwamba pini hulijaza tundu, ilhali msumari hucheza ndani yake na kupinda uzito wa mtu unapouelemea. Naye akaniuliza kama nilitaka atoke kutafuta pini dukani huku maji ya mvua yanaingia sebuleni. Tulibishana karibu nusu saa, wale wa madirisha wakaaga, na mwishowe akadai nauli ya bodaboda. Nikamlipa, moyoni nikisema kosa ni lake. Kijana wangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema, "Fundi, hata sisi tungeweka msumari."

Chakula cha mchana sikukumbuka kukila. Nilianza kuifunga pini kwa mnyororo, kisha nikaona mnyororo nao utakatwa, nikaamua pini ikae ndani ya kola ya chuma na kusukumwa na springi, isiweze kutoka kabisa. Springi ya vali ya pikipiki ilikuwa ngumu mno. Mama ntilie wa jirani alivuta kwa mikono miwili akashindwa, akanirudishia kwa kicheko. Umeme ukakatika. Tulipokuwa tunausubiri nikabomoa kitasa kibovu na kupata springi laini zaidi, na uliporudi, sijui saa ngapi lakini adhana ya magharibi ilikuwa imepita, nikatoboa na kuchomelea macho yakiwasha.

Tuliiegemeza ngazi na kuning'iniza mifuko 2 ya saruji, kilo 100, kwenye kidato cha katikati. Pini haikusogea. Mchoro niliokusudia kuupeleka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kuombea hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wangu, itabidi niuchore upya, nao ni mchoro wa tatu mwaka huu.

Nimempigia simu yule mzee aje kujaribu. Amekubali kuja kesho, ila nauli ya bodaboda, amesema, ni juu yangu tena.