Wavu Umefumwa na Nani?

Tangu Jumanne kuna swali linaloninyima usingizi. Nilimwonyesha mzee wa chumba cha hadubini picha niliyoihangaikia kwa miezi minne, ya jeli ninayoitengeneza kwa kutia chumvi kwenye maji yenye chembe ndogo mno za silika, ile iliyomo kwenye mchanga: wavu mweupe uliotanda skrini nzima. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, “Binti yangu, wavu huu umefumwa na jeli au umefumwa na barafu?” Nikajibu upesi, “Na jeli, mzee.” Naye akasema tu, “Haya. Basi niletee na ile isiyotiwa chumvi.”

Ni ile “haya” iliyonichoma. Wiki hii nimehama nyumba, lakini hata nilipokuwa nikibeba masanduku niliisikia.

Swali lenyewe lilikuwa la haki. Chembe zangu zina upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na zikiwa majini chaji hasi huzifanya zisukumane. Chumvi ikiongezwa, msukumo huo hufifia, chembe zinazogongana hunatana, na minyororo yake hurefuka na kuungana hadi chupa ikiinamishwa hakitiririki kitu. Lakini ndani ya hadubini ya elektroni mna ombwe, yaani hewa imeondolewa, na jeli yenye maji haiwezi kuingia humo jinsi ilivyo. Ukiikausha, maji yanapotoka huivuta minyororo hiyo na kuiporomosha. Ukiigandisha polepole, maji hujitengenezea fuwele safi na kuzisukumia chembe mipakani, zikajazana kama kuta; barafu ikishageuka mvuke na kuondoka, kuta hizo hufanana mno na wavu.

Jumatano niligandisha ile isiyotiwa chumvi, ambayo chupani hutiririka kama maji. Wavu ukatokea uleule, wenye matundu yaleyale. Nililia. Miezi minne yote nilikuwa nikipima matundu ya barafu.

Alhamisi mzee mwenyewe alinikalisha kwenye mashine inayogandisha kwa shinikizo la takribani mara 2,000 ya lile la hewa ya kawaida, huku naitrojeni ya kimiminika ikiipoza sampuli kwa kasi ambayo haiyapi maji nafasi ya kukuza fuwele kubwa. Safari hii ile isiyo na chumvi ilionyesha chembe zilizotawanyika mojamoja. Ile yenye chumvi ilionyesha nyuzi fupi zilizopindapinda, nene kwa chembe tatu au nne, zisizo na uzuri wa ule wavu wa kwanza hata kidogo, nami sijapata kuipenda picha kiasi hiki.

Mzee alisogeza kiti karibu. “Hii uliigandisha dakika ya ngapi tangu utie chumvi?”

“Ya 40, mzee.”

“Na ya 10? Na ya 20?”

Nataka mno kuziona nyuzi hizo zikiwa bado hazijakutana. Ila kila dakika inahitaji sampuli yake, chupa yangu ya silika imebakiwa na kina cha vidole viwili, na chupa mpya ikija na chembe za ukubwa tofauti kidogo tu, sitaweza kuzilinganisha na hizi.