Siku moja maishani mwangu: nafuga wadudu wa kulisha samaki

Nikiulizwa kazi nasema ni mfugaji. Nikiulizwa nafuga nini, watu hucheka. Nafuga dafnia, vidudu vya majini visivyozidi milimita tano, chakula hai cha samaki wa mapambo. Zizi langu ni chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga hapa Nairobi: ndoo za lita 20, pampu za hewa, taa moja ndefu ya ukutani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai namulika kila ndoo. Maji yaliyokuwa na ukungu jana usiku yakiwa yametakata, basi wamekula. Yakibaki meupe, hamira ninayowalisha imezidi, itaoza, na ndoo nzima inaweza kufa kabla ya jioni. Leo yote yametakata. Kipimajoto kinasema 19. Baridi ya Julai wanaipenda kuliko mimi.

Saa moja navuna. Nazima pampu, uchafu unatua chini, kisha napitisha chujio la chai. Wakubwa wanabaki, wachanga wanapenya na kurudi. Sizidishi robo ya ndoo. Hawa karibu wote ni majike, wanazaa bila dume. Ukimweka mmoja kwenye glasi mbele ya taa unaona hadi ndani: utumbo wa kijani, mayai yamepangwa mgongoni, moyo unakimbia.

Saa tatu mifuko imefungwa, boda kaondoka.

Saa tano kasoro, simu ya mteja.

"Dada, wadudu gani hawa? Kwa video niliona wekundu."

"Mzee wangu, wekundu hutoka kwenye maji yenye hewa kidogo. Mdudu hujiongezea himoglobini, ile nyekundu ya damu inayobeba hewa, ili apumue. Wangu wana pampu."

"Kwa hiyo wako hawana damu."

Nikaeleza tena. Akataka nimrudishie nusu ya pesa. Akakata, akatuma picha, akapiga. Je, wanauma watoto? Hawaumi. Mbona ni ghali, si ni maji tu? Hapo nilinyamaza kidogo, maana maji ya mgao ndiyo kwanza yalikuwa yameingia na mimi nilikuwa nimebana simu begani, nakinga mtungi wa tatu. Akapiga tena: wanaelea juu, wanakufa, umeniuzia wagonjwa.

"Umewawekea nini kwenye chombo?"

"Jiwe la hewa. Zuri, la mapovu madogo."

Ndiyo hayo. Povu dogo hunaswa chini ya gamba la dafnia, likamwinua, akabaki anaelea asiweze kula. Nikamwambia alitoe, awakoroge taratibu, asubiri. Hakuaga.

Baada ya hapo sikutazama saa. Mitungi ikajaa, ikabebwa, ikapangwa ukutani bila vifuniko ili klorini itoke kwanza, maana maji ya mfereji ukiyamwaga moja kwa moja unawaua wote. Mgongo ukaanza kulalamika. Stima ikapotea, nikakoroga kwa upawa ndoo zilizosongamana, moja baada ya nyingine, mpaka ikarudi. Chakula cha mchana nilikila nimesimama, jua likizama.

Jioni ndoo ya dirishani ikanionyesha vitu vyeusi vidogo mgongoni mwa majike. Ni mayai ya kulala, yanayosubiri hali nzuri ndipo yaanguliwe. Hutaga hayo wanapobanana au chakula kikipungua, na madume huwa yameshaanza kuzaliwa. Anayewaona mara ya kwanza hudhani ni ugonjwa. Ndoo ya namna hiyo ukiichelewesha, mavuno yanashuka. Kwa hiyo badala ya kulala nikaigawa mara mbili, nikaongeza maji ya kijani yenye mwani, mazito karibu kama mrenda, ninayokuzia dirishani. Kisha hamira: kidogo tu, kwenye maji ya uvuguvugu, nikaimimina polepole hadi ukungu mwembamba.

Saa nne usiku, ujumbe. "Samaki wamewamaliza wote. Kesho niletee tena, hata hao weupe."

Nikamjibu kwamba nauli ya boda ni juu yake.