Waziri mkuu wa katuni aliyenikaa moyoni

Jamani, nimemaliza kutazama Nerima Daikon Brothers, katuni ya Kijapani ya mwaka 2006, na nyimbo zake bado hazijanitoka kichwani. Ni vijana watatu na panda wao mdogo. Wanalima figili kule Nerima, Tokyo, na ndoto yao ni kujenga ukumbi wao mkubwa wa tamasha. Kila kipindi wanamwandama mwenye pesa chafu, na ugomvi wote unakwenda kwa nyimbo.

Sasa subirini aje waziri mkuu! Ukiziona tu zile nywele za mawimbi kama manyoya ya simba, unajua huyu ni Junichiro Koizumi, waziri mkuu wa kweli wa Japani wakati huo. Na Koizumi mwenyewe alikuwa bado madarakani. Aliingia 2001, akaondoka Septemba 2006. Mwaka 2005 alivunja Bunge kwa sababu ya mpango wa kubinafsisha posta, akaitisha uchaguzi na kushinda kwa kishindo. Yaani walimchora akiwa kileleni kabisa, wakamwonyesha kwenye televisheni. Ujasiri huo nimeuheshimu mno.

Halafu muziki unamfaa kweli. Koizumi alikuwa shabiki mkubwa wa Elvis Presley. Juni 2006 alitembelea Graceland, nyumba ya Elvis huko Marekani, pamoja na Rais George W. Bush, akaimba mbele ya waandishi wa habari. Katuni ilikuwa imeshamaliza kurushwa miezi michache kabla!

Anayejua nyingine ya aina hii, yenye wanasiasa na nyimbo, aniandikie hapa. Naitaka wikendi hii.