Jioni zangu na Sergei Yursky

Wiki hii vitabu vimekaa tu. Nikishamaliza shughuli za nyumbani ninafungua mchezo mmoja wa zamani wa televisheni ya Kisovieti, na karibu kila jioni ninayemfuata ni mwigizaji yuleyule, Sergei Yursky. Kirusi changu ni cha kuungaunga, maandishi ya tafsiri chini ya picha ndiyo yanayonivusha. Lakini sauti yake hunishika kabla maana haijafika.

Alikuwa mtu wa jukwaa kwelikweli. Alizaliwa 1935, akaanza kusomea sheria katika jiji la Leningrad, akaiacha, na mwaka 1957 akaingia BDT, jumba la maigizo lililoongozwa na Georgy Tovstonogov. Mwaka 1962 alicheza Chatsky katika tamthilia ya mwandishi Griboyedov, kijana mwenye akili ambaye jamii yake inamwona mwendawazimu. Tovstonogov alikuwa ameweka jukwaani maneno ya mshairi Pushkin kwamba ni shetani aliyemfanya azaliwe Urusi na akili na kipaji. Wakubwa wakaamuru yaondolewe.

Sasa, tamthilia ya ukumbini huishia kwa waliopata tiketi. Mtu wa kijiji cha mbali angemjua vipi Chatsky? Ndipo ninapoishukuru televisheni ya miaka ile. Studio ya Leningrad ilichukua waigizaji wa jukwaani na riwaya za maana, ikawaweka mbele ya kamera na mandhari chache za kutengeneza. Hakukuwa na farasi wala vita vya kumfunika mwigizaji. Kulikuwa na uso na maneno. Mwaka 1963 Yursky alimcheza Küchelbecker katika mchezo uliotokana na riwaya ya mwandishi Tynyanov, chini ya mwongozaji Aleksandr Belinsky. Küchelbecker ni yule mshairi aliyesoma shule moja na Pushkin, akaingia katika uasi wa Desemba 1825 dhidi ya mfalme wa Urusi, akafia uhamishoni Siberia. Watu walizoea kumcheka kwa urefu wake na mwendo wake wa kujikwaa. Nampenda Yursky kwa kuwa hamdhalilishi mtu wa namna hiyo.

Kinachoniuma ni *Fiesta*. Mwaka 1971 Yursky mwenyewe aliongoza mchezo huo wa televisheni kutoka riwaya ya Hemingway, mwandishi wa Marekani. Natalia Tenyakova alikuwa Brett, na mpiganaji kijana wa mafahali alikuwa Mikhail Baryshnikov, mcheza baleti. Mwaka 1974 Baryshnikov akiwa ziarani Kanada alikataa kurudi nyumbani, na mchezo ukafungiwa kabatini. Kazi ya kundi zima ilizimwa kwa sababu ya hatua za mtu mmoja aliyetaka kucheza kwa uhuru. Nikifikiria hilo nakasirika hadi leo, ingawa nchi iliyofanya hivyo haipo tena. Ukumbini angalau watazamaji hubaki na kumbukumbu, lakini mkanda uliofungiwa haumfikii mtu.

Halafu ipo *Tamthilia Fupi za Kusikitisha* za Pushkin, filamu ya televisheni ya 1979 iliyoongozwa na Mikhail Schweitzer. Vysotsky ni Don Juan, Smoktunovsky ni Salieri, na mtu angedhani Yursky atapotea kati ya majabali hayo. Yeye ni Mwitaliano fukara anayetunga mashairi papo hapo kwa mada anayopewa na hadhira, kama malenga wetu anavyotupiwa neno na watu wakangoja. Mimi husimamisha picha pale, kati ya kupewa mada na neno la kwanza. Anafikiri, nawe unaona kabisa kwamba anafikiri. Sijui waigizaji wengi wanaoweza kuonyesha hilo bila kukunja uso.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 alihamia Moscow, kwenye jumba la maigizo la Mossovet. Wengi wanamkumbuka zaidi kwa filamu ya vichekesho ya 1984 alimocheza mzee wa kijijini mpenda pombe, huku Tenyakova, mkewe wa kweli, akiwa bibi kizee mwenza wake ilhali alikuwa na miaka 40 hivi. Wamechekesha, sikatai. Ila kama mtu ana jioni moja tu, aanze na yule Mwitaliano, kisha atafute Yursky anaposoma *Evgeny Onegin*, riwaya ya Pushkin ya kishairi, peke yake mbele ya kamera. Hapo hana vazi la mhusika wala mwenzake wa kumjibu, na wahusika wote wanatoka kinywani mwake.