Ukikamatwa kabali, usivute kichwa

Hapa Goma kila kijana anajua kukamata mwenzake kabali, kumufunga kichwa kwapani kwa mukono. Wanaanza wakiwa watoto, wanaona kache, ile mieleka, kwenye televizio, wanajaribu kwa ndugu zao kwenye parsele, na wakishakomaa ndiyo kitu cha kwanza mikono inafanya kama maneno imewaka kwenye parkingi ya pikipiki ao pale mutaa wa Birere watu wakisukumana. Lakini kutoka ndani yake wachache sana wanajua, na hiyo inaniuma, juu iko kitu mutu anaweza kujifunza hata kabla hajajua kufunga mukanda.

Mutu akikamatwa anavuta kichwa. Masikio yanachubuka, mwenye kumushika anakaza zaidi, pumzi inaisha. Kichwa iko kama usukani wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubeba muzigo, mwenye kuushika anapeleka muzigo wote kwenye anataka. Kwa hiyo linda pumzi kwanza: shusha kidevu, geuza uso kwenye mbavu zake, hapo ule mufupa wa mukono hauko tena kwenye koo, unasaga taya, inauma lakini unapumua. Papo hapo mukono wako wa mbele ushike kifundo cha ule mukono amekufunga nao, uvute chini. Hii haingoje, juu mishipa ya damu ya shingo ikibanwa vizuri pande zote mbili mutu anaweza kuzimia kwa sekunde kama 10 tu.

Kisha miguu. Panua, kunja magoti, kiuno chako kiwe chini ya chake na nyuma kidogo, juu mutu mwenye amefanya judo akisikia umesimama juu juu anakupitisha kwenye kiuno chake unaruka, na hapa kwetu chini si tapi, ule mukeka laini wa mazoezi. Chini ni mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya muji na tunaishi juu yake mpaka leo, sasa kuanguka kwenye ile mawe kichwa kikiwa kimefungwa kwapani mwa mutu, apana. Video nyingi za jiu-jitsu zinaonyesha kukaa chini na kumuvuta aanguke nyuma, ni mbinu nzuri kabisa na niko naifundisha kwenye sale ya mazoezi, lakini kwa barabara zetu mimi nasema tokea ukiwa umesimama.

Binti mumoja mwembamba aliniuliza, "Yaya, na kama ana nguvu kunishinda?" Nikaita kijana munene kuliko wote amukamate kwa kweli. Binti akashusha kidevu, akashika kifundo, mukono wa nyuma akaupandisha mugongoni mwa kijana mpaka juu ya bega, akaweka ukingo wa kiganja chini ya pua ya kijana, akavuta nyuma na juu. Basi. Kichwa cha kijana kikarudi, mugongo ukapinda, mikono ikalegea, binti akasimama wima, akatoa kichwa kwa nyuma bila kuachia kile kifundo, na sasa yeye ndiye yuko mugongoni kwake na ule mukono ameukunja. Barabarani hapo unamusukuma mbele unakimbia.

Akianza kukupiga ngumi na mukono wa pili usiogope sana, funika uso, juu kabali imebaki na mukono mumoja tu na hiyo ni nafasi yako.

Kama mumeshaanguka, hiyo ni kesa-gatame ya judo, kumubana mutu chini kutoka pembeni umeshika kichwa chake. Maeda, judoka wa Kodokan, ndiye alimufundisha Carlos Gracie kule Brazili, mumoja wa wenye walianzisha jiu-jitsu ya Brazili, kwa hiyo wenye wanafanya judo hapa wameshaijua nusu ya kazi. Weka mfupa wa mukono kwenye taya yake, sogeza kiuno mbali, tafuta kupitisha muguu mbele ya uso wake. Akikulalia na uzito wote juu ya kifua, mukumbatie kiuno kwa nguvu, jibandike kwake, inua kiuno na umupindue kupitia bega lako.

Mwizi mwenye kisu ao bunduki akitaka telefone, mupe telefone.

Na kwenye mazoezi, tafadhali, kabali ikazwe polepole, mwenzako akigonga kuomba umuachie, unaachia palepale, hata kama unaona hujakaza kitu. Watoto wasikazwe shingo kabisa, wao wafanye kidevu na miguu tu.