Usukani Ulitetemeka na Mashine Inasema Sifuri

Gari ni Toyota Allion, matairi 195/65R15 kwenye rimu za aloi ambazo hazikuja na gari. Mtetemo ulianza kwenye kilomita 85 kwa saa, ukawa mkali kati ya 95 na 105, kisha ukafifia ukipita 115. Matairi yalikuwa yamebalansiwa, yaani kusawazishwa uzito kwa vipande vidogo vya chuma kwenye rimu, mara tatu, na mara zote tatu mashine ilionyesha sifuri ndani na nje: hakuna uzito wa kuongeza. Lami ya kutoka Kibaha kwenda Chalinze haikuitambua sifuri hiyo.

Kabla ya kulipia balansi ya nne nilitaka kwanza kuwa na hakika kwamba tatizo ni magurudumu. Gari linalotetemeka wakati wa kufunga breki tu lina shida ya diski. Likitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, angalia jointi ya ndani ya drevshafti, fimbo inayozungusha gurudumu. Likiyumba kwenye mwendo wa 20 hadi 40 kama linalopita juu ya kamba, kuna tairi lililovimba au lililoachana nyuzi za ndani, na hilo halibalansiwi, linatupwa. Langu halikuwa na dalili hizo. Niliinua mbele kwa jeki nikatikisa kila gurudumu, juu na chini kupima beringi na boljointi (kiungo cha chini cha gurudumu), kushoto na kulia kupima tairodi (fimbo ya usukani). Hakuna kilichocheza. Kisha nikahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Usukani ukatulia na kiti kikaanza kutetemeka. Kipimo hicho hakigharimu chochote zaidi ya jasho: kama mtetemo umehama na magurudumu, chanzo kiko ndani ya magurudumu au pale yanapokutana na habu, kile chuma cha gari ambacho gurudumu hufungwa juu yake.

Watu wengi hudharau gramu. Kwa tairi la ukubwa huu, mwendo wa 100 ni mizunguko kama 14 kwa sekunde. Gramu 30 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15 zinavuta kwa nguvu ya kilo 4 na zaidi kidogo, na mvuto huo unageuka upande kila mzunguko. Kwenye 50 nguvu hiyo hiyo ni kilo 1 tu, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana mjini gari lilikuwa tulivu kabisa.

Sasa chukua gurudumu zima, rimu na tairi, karibu kilo 16. Likikaa nje ya kitovu kwa nusu milimita tu, athari yake ni sawa na gramu 42 zilizokosekana upande mmoja. Hapo ndipo balansi zangu tatu zilipopotea. Sifuri ya mashine ni kweli kwa kitovu cha mashine. Gurudumu likifungwa kwenye gari kwa kitovu kingine, sifuri hiyo haina kazi.

Nilianza na kuosha. Upande wa ndani wa rimu ulikuwa na tope lililokauka, na fundi alikuwa amebalansi juu ya tope hilo; likidondoka kipande, hesabu inaharibika. Nilibandua vipande vyote vya zamani vya uzito, vya kubana na vya kubandika, gundi nikaifuta kwa thina. Uso wa habu niliusugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, pamoja na uso wa rimu unaogusana nao. Ganda la kutu upande mmoja linatosha kulifanya gurudumu likae mshazari.

Kwenye mashine nilimwomba fundi, kwa adabu, afanye mambo ambayo kwa kawaida hurukwa. Koni, kile kipande kinacholishika gurudumu katikati ya shafti ya mashine, iingie kutoka upande wa nyuma wa rimu, ule unaokaa kwenye habu, kwa sababu tundu la upande huo limechongwa kwa usahihi. Upande wa mbele mara nyingi ni sehemu ya kifuniko cha urembo tu, na koni ikikaa pale inaweza kushika pembeni. Vipimo vitatu viingizwe upya: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana na kipenyo. Vya kwangu vilikuwa vya gari lililotangulia. Ichaguliwe hali ya rimu ya aloi, la sivyo mashine inadhani uzito unabanwa kwenye kingo wakati fundi anaubandika ndani zaidi. Mwisho, kibonyezwe kitufe cha kuonyesha uzito halisi uliobaki, maana mashine nyingi huficha gramu chache na kuandika sifuri.

Halafu kuna jaribio ambalo ningelifanya hata kama ningekuwa na haraka. Baada ya kupata sifuri, legeza gurudumu, ligeuze nusu mzunguko kwenye shafti, kaza tena, zungusha. Likibaki gramu 5 au pungufu, limekaa vizuri. Gurudumu langu la kwanza lilitoa gramu 25. Koni ilikuwa imelika. Tulibadilisha koni, tukaanza upya, likatoa 5.

Gurudumu la tatu liliomba jumla ya gramu 95. Fundi alishachukua vipande vya kubandika, nikamzuia. Uzito unaozidi gramu 60 hivi kwenye gari dogo ni dalili kwamba upande mzito wa tairi umekutana na upande mzito wa rimu. Tuliweka alama ya chaki kwenye tairi na rimu, tukatoa upepo, tukalibandua tairi kwenye ukingo, tukalizungusha nusu mzunguko juu ya rimu na kulijaza tena. Likaomba gramu 40. Kwa tairi jipya, alama ya njano ubavuni kwa kawaida huonyesha upande mwepesi na huwekwa pale pale ilipo valvu.

Baada ya hayo yote mtetemo ungerudi kama nisingepima tundu la kati la rimu. Habu ya Allion ina kipenyo cha milimita 54.1. Tundu la rimu zangu lilikuwa 73.1, kwani rimu za namna hiyo hutengenezwa na tundu kubwa ili zitoshe magari mengi. Kwenye mashine koni ililijaza tundu, kwenye gari gurudumu lilining'inia kwenye stadi, zile skrubu zinazofungwa nati. Dawa ni ringi za habu, za plastiki ngumu au alumini, nje 73.1 na ndani 54.1, moja kwa kila gurudumu. Ziingie kwa kusukumwa na kidole, zisichezecheze. Ringi ya kukadiria kwa macho ni kazi bure.

Nati nazo ziangaliwe. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinatumia nati zenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za kununua kando kwa kawaida zinataka nati za koni. Ukichanganya, nati inakaza lakini haishiki kitovu, na inaweza kulegea njiani.

Kufunga: gurudumu likiwa hewani, nati zote zianzishwe kwa mkono, zikazwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa nyota hadi rimu ilale sawasawa kwenye habu. Shusha gari, malizia kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, 103 Nm (nyutoni mita). Bunduki ya upepo kukaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine inavuta gurudumu pembeni, na kazi yote ya mashine inaishia hapo. Baada ya kilomita 100 kaza tena.

Upepo niliuweka kama kibandiko cha mlango wa dereva kinavyosema, tairi zikiwa baridi. Kwenye 100 usukani ulitulia. Lile gurudumu la tatu lilibaki na tofauti ya gramu 10 kila likigeuzwa kwenye shafti, pengine rimu yake iligonga shimo zamani. Nimelifunga nyuma kushoto.