Rejista ya presha na sukari: wiki ya 11

Jana usiku nimemaliza kuhamisha madaftari yote ya zahanati yetu ya Nyalenda, Kisumu, hadi kwenye kompyuta. Kilichonila muda ni majina. Mtu kaandikishwa kwa jina la babake, mwaka uliofuata kwa jina la mumewe, na akina Atieno wamejaa kila ukurasa. Nimelinganisha simu, mwaka wa kuzaliwa na mtaa, mstari kwa mstari. Kuna mama mmoja nilikuwa nimemhesabu mara tatu.

Sasa kila mstari una dawa, kipimo cha mwisho, siku miguu na macho yalipokaguliwa, na tarehe ya kurudi. Tarehe ikipita kwa wiki mbili, mstari unageuka mwekundu. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Daftari lilinionyesha waliokuja tu; aliyeacha kuja alifunikwa na kurasa hadi siku aletwe amepooza upande mmoja.

Nimejifunza mengi kwa daktari Julian Tudor Hart wa Glyncorrwg, Wales, aliyewapima presha karibu watu wazima wote wa kijiji chake, hata aliyekuja kwa kikohozi. Nasi mama akileta mtoto kliniki, tunampima yeye pia.

Jumanne nilipigia simu mistari myekundu. Wa kwanza ni mama anayeuza omena soko la Kibuye, miezi minne hajaonekana.

“Daktari, si kichwa kiliacha kuuma? Nikajua nimepona.”

“Presha haipigi hodi, mama. Njoo nikupime, hata kama pesa ya dawa haijapatikana.”

Alikuja kesho yake, beseni bado mkononi. Presha 188 kwa 110, juu sana. Akapumzika dakika tano, nikarudia: 182 kwa 106. Kichwa hakikuwa kinamuuma hata kidogo. Nimemrudisha kwenye amlodipini, dawa ya presha, atarudi baada ya wiki mbili. Simu yake huzima chaji kila mara, kwa hiyo akanipa namba ya jirani yake sokoni, na hapo nikaongeza safu ambayo ningepaswa kuiweka tangu mwanzo: simu ya mtu wa karibu.

Wamebaki 12 wasiopatikana kabisa. Jumatatu nitakaa na mhudumu wa afya ya jamii, maana yeye anajua nani alihama na nani yupo nyumba ipi. Karatasi nitakayompa itakuwa na jina na mtaa tu. Ugonjwa siandiki.